Nilikuwa Hotelini Agra, Nyumbani Wakadhani Niko Wodini

Bi Fauziya mpendwa, shikamoo.

Naomba unisaidie, na ukinigombeza nigombeze taratibu, maana safu yako naisoma kila Alhamisi na najua huna tabia ya kumbembeleza mtu. Mimi ni Mkenya, kwetu ni Taita, nafanya kazi ya nyumbani hapa Dubai, mtaa wa Al Twar, kwa familia moja ya Kiarabu wenyeji wa hapa, huu ni mwaka wa sita, nalea watoto wao wawili, na kusema kweli madam wangu, anaitwa Amna, si mtu mbaya, wala haya ninayokwambia hayamhusu, ni mimi mwenyewe na mdomo wangu. Jina langu ukitaka kulitaja litaje, naitwa Agneta, nimechoka kujificha.

Mapema mwaka huu madam aliniambia nipange nguo za watoto na zangu, tunakwenda India kupumzika, yeye, bwana wake, watoto na mimi, na mimi nikadhani ni Mumbai kama wanakokwenda wengine kumbe ni Agra, kwenye hoteli kubwa iliyo karibu kabisa na Taj Mahal, yaani ukivuta pazia tu hilo jumba jeupe liko mbele yako lote, na asubuhi linakuwa na rangi kama ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na kusema kweli macho yangu hayajawahi kuona kitu kizuri namna ile. Tulipofika mlangoni walituvisha mashada ya maua shingoni, hata mimi walinivisha, na yule kijana wa mapokezi akaniita madam nikageuka nyuma nione anamwita nani. Nililala chumba cha watoto kwenye kitanda cha kukunja lakini dirisha lilikuwa lile lile la matajiri, na nilisema moyoni kwamba hata nikirudi kusugua sufuria maisha yangu yote, hii nimeiona.

Sasa siku ya kwenda kuitembelea yenyewe, tukiwa bado kwenye foleni ya kuingia, yule mdogo alianza kulia tumbo na akanitapikia nguo yote, madam akaniambia, "Yalla Agneta, rudi naye hotelini umwogeshe alale, sisi tutakuja," kwa hiyo nikarudi, sikuikanyaga ile Taj Mahal hata hatua moja, na mpaka leo watu wakiniuliza ndani kukoje sina la kusema. Nilipofika chumbani nikamwogesha mtoto akalala, na nguo zangu nyingine zote zilikuwa zimepelekwa kufuliwa, nikavaa lile joho jeupe la taulo ambalo hoteli huwawekea wageni bafuni, wigi nimelivua kwa sababu ya joto, kichwa changu nilikuwa nimekinyoa karibu chote, na mkononi nilikuwa na mkanda wa plastiki wa chumba cha michezo ya watoto, yule mkubwa alinifunga asubuhi akisema leo mimi ndiye mtoto. Nilikuwa nimechoka, macho yameingia ndani kwa sababu watoto walikuwa hawalali. Nikaegemea mito kitandani, dirisha nyuma yangu, nikajipiga picha moja, nikaiweka WhatsApp waione wote, nikaandika, "Hatimaye India. Mungu ni mwema."

Nilitaka kuringa, Bi Fauziya, sitakudanganya wewe pia. Nilitaka wale wasichana wa kanisa letu la Karama hapa Dubai waione, na wale niliosoma nao shule ambao wananiita kadama, yaani mtumishi wa Waarabu, wakidhani sisikii.

Haikupita muda mama akanipigia, na mama huwa hapigi yeye, hubipu tu nimpigie mimi. Analia. Akaniambia, "Agneta, mbona hukutuambia?"

Nikamuuliza, "Kuwaambia nini, mama?"

Akasema, "Kwamba mambo yamefika India."

Kwetu, na nadhani hata kwenu Unguja ni hivyo, mtu haendi India kutembea. India wanapelekwa wagonjwa waliowashinda madaktari wa nyumbani. Baba yangu mdogo alipelekwa India kwa ajili ya figo, mwalimu mkuu wa shule yetu alipelekwa India kwa ajili ya moyo, mmoja alirudi akitembea na mwingine alirudishwa. Ukisikia fulani yuko India huulizi hali ya hewa, unaanza kuomba. Na mama kwenye ile picha aliona binti yake amenyolewa, amevaa nguo nyeupe, yuko kitandani, mkononi ana ule mkanda wanaofungwa wagonjwa, uso umeisha, na ameandika Mungu ni mwema, ambayo ni maneno yetu ya kujipa moyo.

Nikafungua mdomo nimwambie, mama si hivyo, nimekuja na madam, hii ni hoteli. Lakini kabla sijasema akaniuliza, "Umekula? Wanakupa uji? Huko wanaweka pilipili kila mahali, waambie wasikuwekee pilipili."

Sijui nitakuelezaje ili unielewe. Tangu nije Dubai hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Simu inaanza na habari za huko, inafuata mvua, inafuata shida, na mimi nasema nitaona, nitajaribu, na siku nikiumwa kichwa siwaambii kwa sababu wataona natafuta kisingizio. Sasa mama yangu alikuwa analia juu ya uji. Nilinyamaza. Akaniuliza, "Hilo jumba jeupe nyuma yako ndiyo hospitali?" Nikasema ndiyo, mama. Hilo neno nililisema mimi, hakunilazimisha mtu.

Siku zile zilizobaki Agra simu yangu haikupumzika, shangazi, mke wa mchungaji, binamu ambao sikujua kama wana namba yangu, wote wananiambia tunakupenda, pole, usijali ya huku, jali afya yako, na hakuna hata mmoja aliyeomba kitu. Na mimi nilikuwa nimekaa pale dirishani, mtoto mapajani, natazama Taj Mahal, nalia kama mgonjwa kweli. Ilikuwa tamu, Bi Fauziya. Nasema ukweli, ilikuwa tamu kuliko hata ile hoteli. Nilijiambia nitarudi Dubai halafu nitawaeleza kwa utaratibu tutacheka.

Tuliporudi mama akauliza, "Ni figo kama ya baba yako mdogo?" Nikasema, "Bado wanaangalia." Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu mama alisikia figo, na kanisa likaambiwa figo, na tangu siku hiyo kila Jumatano wanafunga na kuniombea, na jirani yetu mmoja ambaye kweli figo zimekufa na anasafishwa damu kila wiki anajikongoja mpaka kwa mama wanapiga magoti pamoja, anamwambia mama, mtoto wako akipona na mimi nitajua Mungu amenikumbuka.

Sasa nije kwa ndugu yangu, maana hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ninaye mdogo wangu mmoja tu, Zedekiya, ni fundi wa umeme, chuo nilimsomesha mimi kwa kazi hii hii ya Dubai. Zede alinyamaza wiki moja, halafu akanipigia anafurahi, akaniambia, "Sista, nimeenda nikapimwa. Damu yetu ni group moja. Nimeacha soda, nimeacha chumvi, asubuhi nakimbia mpaka barabara kuu na kurudi. Daktari amesema niko fiti. Nitabaki na moja, wewe utakaa na moja, sawa?" Nikamwambia, "Zede, subiri kwanza." Akasema, "Nisubiri nini? Nani alinitoa kwa jembe?"

Na Zede alikuwa aoe mwezi wa nane. Msichana anaitwa Phyllis, mwalimu wa chekechea, mtulivu, tulishapeleka wazee na wakapokelewa. Baba yake Phyllis aliposikia kwamba kijana anataka kutoa figo alisema hawezi kumpa binti yake mtu anayekwenda kupasuliwa akiwa mzima, kwamba kwanza apasuliwe, wamwone akisimama, ndipo wazungumze, na Zede akakasirika akawaambia kama ni hivyo basi, dada yake ni mmoja na wasichana ni wengi. Alisema hivyo mbele ya Phyllis. Harusi imesimama, na watu wa kule kwao wameanza kusema msichana ameachwa.

Wiki iliyopita Phyllis akanipigia mwenyewe. Hakulia, hakunilaumu. Aliniambia, "Dada, mimi sikatai Zede akupe. Nimemwambia hivyo akakataa kunisikiliza. Nataka tu kujua ukweli ili nijue namsubiri nini. Daktari amekuambiaje?" Bi Fauziya, niliikata simu. Baadaye nikamtumia ujumbe kwamba mtandao unasumbua.

Kuna rafiki yangu Mganda, Harriet, anafanya kazi vila ya jirani, tunakutana tukipeleka watoto bustanini, ndiye pekee anayejua yote. Yeye anasema ninajisumbua bure, anasema, "Wewe waambie Mungu amekuponya, ulienda kwa daktari wakapima tena hawaoni kitu, khalas. Kanisa litafurahi, mama atafurahi, kijana ataoa. Nani ataumia hapo?" Na mimi nikifikiria naona ni kweli, hakuna atakayeaibika, mama hataaibika mbele ya kanisa lililofunga miezi yote hii, Zede atamrudia Phyllis, mimi nitabeba siri yangu mpaka kaburini. Lakini kila nikitaka kupiga simu niseme nimepona ulimi unakuwa mzito.

Zede ameshaomba pasipoti. Ananiuliza ni hospitali gani ili aanze kuzungumza nao. Niseme nimepona kwa maombi kama anavyosema Harriet, au niseme ukweli mama yangu afe kwa aibu, au ninyamaze mpaka wachoke kuuliza? Najuta, Bi Fauziya. Najuta hata kuiona India. Nisaidie kabla huyu kijana hajapanda ndege.

Ni mimi Agneta,
Al Twar, Dubai.


BI FAUZIYA ANAJIBU

Marahaba, Agneta mwanangu.

Umeniomba nikugombeze taratibu. Nitajaribu, lakini sikuahidi, maana barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili chai yangu ilipoa mezani.

Hebu nianze na hili. Mama yako alikuuliza kama lile jumba jeupe ni hospitali, ukasema ndiyo. Mwanangu, lile ni kaburi. Mfalme alimjengea mkewe aliyekufa. Yaani mtu mzima umekaa kwa raha, umejifunika joho la taulo, umegeuzia mgongo kaburi la mke wa watu, ukamwambia mama yako kwamba hapo ndipo unapotibiwa. Ningekuwa mama yako na mimi ningefunga na kuomba, lakini si kwa ajili ya figo.

Haya, hilo nimelitoa. Sasa nikwambie ninalokuhurumia, na ninakuhurumia kweli. Mimi nimezaliwa Unguja lakini Dubai hii nimeikuta bado ina vichochoro vya mchanga, na miaka yote hiyo nimeona wasichana na wavulana wanaingia hapa kutoka kwetu wakiwa watoto wa mtu, na baada ya muda wanageuka kuwa namba ya simu. Nyumbani hawakusudii ubaya. Wanadhani Dubai hakuna anayeumwa wala anayelala na njaa. Kwa hiyo siku mama alipokuuliza umekula nini, wewe hukusikia swali, ulisikia kwamba una mama. Naelewa kwa nini ulinyamaza. Ungenyamaza siku hiyo moja, ukalia, ukapiga simu kesho yake ukasema kweli, wala usingeniandikia, na mama angewasimulia wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Lakini hukupiga. Uliona tamu ukaongeza sukari. Na hapo ndipo huruma yangu inapokwisha, kwa sababu wanaolipia utamu wako ni wengine. Zedekiya ameacha chumvi. Kijana anakimbia kila asubuhi ili akutolee kiungo kutoka mwilini mwake, na wewe upo bustanini Al Twar unashauriana na Harriet. Phyllis anasemwa ameachwa, naye hakufanya lolote ila kuchumbiwa na mtu anayempenda dada yake. Yule binti alikuuliza swali moja tu la heshima, ukamkatia simu, kisha ukausingizia mtandao. Katika barua yako yote hapo ndipo nilipokasirika hasa.

Sasa huyo Harriet. Mpelekee salamu zangu, mwambie Bi Fauziya amesema ana moyo mzuri na ushauri mbovu. Anauliza nani ataumia ukisema umepona kwa maombi. Wewe mwenyewe umeniandikia jina la atakayeumia, ila hukulitazama. Ni yule jirani anayejikongoja kuja kupiga magoti na mama yako. Amesema wewe ukipona na yeye atajua amekumbukwa. Utampigia mama simu useme figo zangu zimerudi zenyewe, madaktari wameshangaa, na yule jirani mwenye ugonjwa wa kweli atasikia hivyo Jumatano. Je, Alhamisi atakwenda kusafishwa damu, au atasema na mimi ningoje muujiza wangu? Hujui. Mimi pia sijui. Na asipokwenda, hiyo siri unayosema utaibeba mpaka kaburini itakuwa imemtangulia mtu mwingine huko. Ndiyo maana ulimi wako unakuwa mzito. Mshukuru huo ulimi, safari hii una akili kuliko wewe.

Na kunyamaza wakachoka kuuliza, hilo ndilo la kijinga zaidi. Mtu aliyekwisha kuomba pasipoti hachoki.

Basi nisikilize. Leo, si Ijumaa ukipata mapumziko, leo watoto wakilala mchana, mpigie Zedekiya. Mpigie kwa sauti, usimwandikie, na usimtumie picha. Usianze na madam Amna, usianze na mtoto aliyetapika, usianze na nguo zilizopelekwa kufuliwa. Nakujua, utataka kuanzia uwanja wa ndege. Sema kwanza kwamba huumwi, hujawahi kuumwa, na kwamba ulimdanganya. Kisha nyamaza umwache aulize. Akitukana, pokea. Akikata, usimpigie papo hapo kumbembeleza, mpe muda, ana haki ya hasira yake. Ila kabla hajakata, hakikisha amesikia kwamba hakuna upasuaji, hakuna hospitali, na hakuna pasipoti.

Halafu siku hiyo hiyo mpigie mama. Usimtume Zede akamwambie. Najua hilo ndilo utakalotaka, utasema yeye yuko karibu, atajua namna ya kumweka sawa. Hapana. Wewe ndiye uliyesema ndiyo, mama, na wewe ndiye utakayesema hapana. Unaniambia mama atakufa kwa aibu. Mama zetu wamezika waume na watoto, wamekaa na njaa wakacheka mbele ya wageni, hawafi kwa aibu. Ila aibu hii usimwachie yeye aibebe kanisani. Mwombe mchungaji aweke simu yako mbele ya kipaza sauti Jumatano, uwaambie mwenyewe kwamba walioomba waliomba kwa moyo safi na aliyewachezea ni wewe, na yule jirani mwenye kuumwa mtaje kwa heshima, umwombe aendelee na matibabu yake na waumini waendelee kumwombea yeye. Saumu zile hazikupotea, zilikuwa na mgonjwa wa kweli pale pale chumbani muda wote.

Kisha Phyllis. Kwake usipitie kwa Zede, usipitie kwa mama. Mpigie, umtake radhi kwa kumkatia simu kabla hujamtaka radhi kwa mengine, kwa sababu hilo dogo ndilo analolikumbuka. Mjibu swali lake. Kisha muulize kama atakuruhusu uzungumze na baba yake, na akikubali, zungumza na mzee kama mtoto anavyozungumza na mzazi, umwambie kosa si la Zedekiya wala si la binti yake. Mimi siwezi kukuahidi kwamba harusi itarudi. Zede alitamka maneno mbele ya yule msichana ambayo hata figo mbili haziwezi kuyafuta, na hayo atayaombea radhi mwenyewe. Lakini angalau wakiachana wataachana kwa jambo lao, si kwa joho lako la hoteli.

Na jambo moja nakukataza kabisa. Usinunue kitu. Nawajua nyinyi. Ukishatubu utakimbilia maduka ya Satwa, utajaza boksi blanketi, sahani, manukato, viatu vya mama, uwapelekee kwa meli ili wanyamaze. Safari hii peleka mikono mitupu. Wakizoea kwamba hata kosa lako linakuja na mzigo, hawatajua kamwe kukusamehe bila kukukagua begi.

Madam Amna mwambie una jambo zito la kifamilia na unaomba likizo yako mapema. Umesema si mtu mbaya. Ukiruhusiwa, nenda Taita ukae na mama jikoni, hata kama siku za mwanzo hatakusemesha.

Na utakapokuwa jikoni humo, hasira zikishapungua, mwambie lile uliloniambia mimi na hukuwahi kumwambia yeye. Kwamba ulidanganya kwa sababu alikuuliza kama umekula. Usiliseme kama utetezi, maana halikutetei. Liseme kwa sababu hajui. Mwambie kwamba hata mtu mzima wa afya anataka kuulizwa, na kwamba akikupigia aanze na hilo, shida zije baadaye. Mama aliyelia kwa sababu ya uji hawezi kushindwa na hilo.

Najua unasubiri nikwambie simu ya kwanza uianzeje, kwa sababu utaishika na kuiweka, utaishika na kuiweka. Mwanangu, watu wale wote wamepiga magoti Jumatano baada ya Jumatano wakiomba kitu kimoja tu, wasikie kwamba Agneta ni mzima. Wewe ndiye mtu pekee anayeweza kuwajibu, na jibu unalo tangu siku ile ya kwanza dirishani. Watafurahi kwanza kabla hawajakasirika. Piga simu, uwaambie u mzima.